Debe Lililoandikwa Kifua

Gari lilikuwa limeshatoka langoni na Koplo Kagwe anatafuta gia ya pili, ndipo Mama Nadira akakumbuka jiko. Alisema bila haraka, kama mtu aliyesahau mwavuli, kwamba ameliacha linawaka. Inspekta Mutheu, aliyekaa naye kiti cha nyuma, akamjibu kwamba lilizimwa. Yeye mwenyewe alilimwagia maji.

"Jiko la udongo, binti yangu? Si litapasuka?"

"Likipasuka nitakununulia lingine."

"Utaniletea wapi? Jela?"

Kagwe alicheka, akaona kwenye kioo kwamba Inspekta hacheki, akaacha.

Mtaa wote wa Ngoingwa, hapo Thika, ulikuwa umetoka nje kuwatazama. Wengine walikuwa na dawa za Mama Nadira kwenye makabati yao, mafuta ya mgongo, majani ya chai ya usingizi, lakini hakuna aliyepunga mkono. Kinyanjui, mwenye gorofa mpya iliyopakana na ua wa Mama Nadira, alisimama langoni kwake amekunja mikono kifuani. Yeye ndiye aliyewapigia simu watu wa afya, nao walikuwa wameahidi kuja mchana na mapanga, wang'oe kila kitu kilichoota katika ua ule na kukichoma.

Sababu ilikuwa hii. Mzee Githae wa Kahawa Sukari alikunywa dawa ya kikohozi, na tangu alfajiri alikuwa hospitalini Ruiru hajijui. Chupa ilikuwa na karatasi ya Mama Nadira, ile yenye jani la kijani na jina lake mwenyewe, Mwanarusi. Mzee akifa, Mama Nadira atajibu kesi ya kuua. Mzee akipona, ua utakuwa umeshachomwa, na ule ua ndio uliomlisha tangu mumewe azikwe.

Mutheu hakumfunga pingu. Alikuwa na tabia moja ambayo Kagwe hakuipenda: mshukiwa humpeleka kwanza kwa mtu aliyedhurika, akamweka mbele yake, akamtazama. Kagwe aliamini mshukiwa ni wa kukaa selo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi na hilo hawakuwahi kukubaliana.

Njiani Mutheu alimwuliza Mama Nadira dawa ya kifua inavyotengenezwa, tangu jani likiwa mtini. Mama Nadira alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake. Majani ni ya kivumbasi. Huyaanika kivulini juu ya mkeka, si juani, mpaka yakivunjwa yalie. Kisha kinu. Kisha maji, tangawizi, karafuu. Huchuja kwa kipande cha kanga kilichochakaa, maana kipya kinapitisha vumbi. Ikipoa ndipo asali inaingia, halafu chupa, halafu nta ya nyuki shingoni pa chupa.

"Na kama majani hayajakauka na mteja amekuja?"

"Mteja anangoja. Atanuna, lakini anangoja."

"Beth, binti wa Mzee Githae, alingoja?"

"Alikuja wiki iliyopita. Nikamwambia arudi baadaye, kwa baridi hii majani yamekataa kukauka. Chupa ya mwisho nilimuuzia kabla ya Pasaka."

"Kwa hiyo hukumuuzia chochote sasa."

"Sikumuuzia."

"Kila mtu niliyemkalisha hapo ulipokaa aliniambia hakuuza."

"Na wengine walikuwa wakisema kweli," Mama Nadira alisema, akaangalia nje.

Hospitalini daktari wa zamu aliwapeleka mpaka kitandani. Mzee Githae alikuwa ameketi, uso mwekundu kama aliyeinamia moto. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka ikapasuka. Alikuwa akichomoa nyuzi kwenye blanketi, nyuzi ambazo hazikuwepo, akimkabidhi nesi moja moja na kumwomba azishike vizuri, sweta ya marehemu mkewe isije ikafumuka. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka mpaka rangi ya jicho haikuonekana.

Mutheu aliuliza kama ni dawa ya wadudu, maana hiyo ndiyo aliyozoea kuikuta mashambani. Daktari alisema hapana. Dawa ya wadudu humtoa mtu mate na kumbana mboni, na huyu ni kinyume chake kabisa. Huu ni mmea. Alitaka kujua ni mmea gani hasa, mzee alikunywa kiasi gani, na kama kuna mtu mwingine aliyekunywa.

Mama Nadira alikuwa amemwinamia mzee. Alimtazama macho yote mawili, akainuka.

"Huu ni mnanaha," alisema. "Ninao kwangu. Ni wa magoti. Nauchemsha kwa mafuta ya simsim, mtu anajipaka. Haunywewi, hata ulimi haugusi."

Kagwe alimtazama Inspekta kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi bila kushuka kwenye gari. Mutheu aliomba kuiona chupa.

Chupa alikuwa nayo Beth. Walimkuta kwenye benchi la korido, mwanamke wa makamo, sauti imekauka kwa mafua, bado amejifunga kitambaa chake cha chama cha akina mama wa kanisa, cheupe chenye ukingo wa bluu. Alikuwa ameifunga chupa kwa tishu ndani ya mkoba. Alipomwona Mama Nadira hakupiga kelele. Alisema tu kwamba huyo ndiye, na kwamba baba yake alimwamini kuliko wana wake wa kuwazaa mwenyewe.

Mutheu aliinyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Nta ilikuwa imebaki shingoni, vipande vipande, na kwenye mikatiko yake kulikuwa na vumbi jeusi. Nta haipati vumbi lile kwa usiku mmoja. Dawa yenyewe ilikuwa ya kijani yenye ukungu, na chini yake palikuwa na vipande vya majani vilivyokatwa kwa kisu, kingo zimenyooka. Alimruhusu Mama Nadira kutazama bila kugusa.

"Chupa ni yangu," Mama Nadira alisema. "Kilichomo si changu. Changu ni cha rangi ya chai ya rangi, na sijawahi kukata jani kwa kisu tangu nizaliwe."

"Atasema nini kingine?" Beth alimwambia Mutheu. Kisha akamgeukia daktari na kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama dawa ya zamani iliyobaki chini ya chupa inaweza kuoza mpaka ikawa sumu. Daktari alisema si sumu ya namna hii. Beth aliitikia kwa kichwa, lakini hakuonekana kuamini.

Mutheu aliliweka swali hilo akilini. Mtu aliyenunua chupa mpya haulizi habari za masalio ya zamani.

Aliomba ufunguo wa nyumba. Beth alimpa bila kusita, na hilo nalo Mutheu aliliona.

Kahawa Sukari si mbali na Ruiru. Soja anayelinda kizuizi cha mtaa, mtu mrefu anayeitwa Kivuva, alisoma kadi ya Mutheu kwa makini, akamuuliza kwa Kikamba kwao ni wapi, akatoa namba yake ya simu ikiwa kutatokea jambo, ndipo akainua mti. Langoni kwa Mzee Githae walifunguliwa na mpangaji wa chumba cha nyuma, Ciku, msusi wa saluni, mtoto wake wa kike akikohoa mgongoni. Mutheu alimwuliza kama amewahi kumwona Mama Nadira hapo. Ciku alimtazama yule mama ndani ya gari, akasema hajawahi, akaomba ruhusa aende kumlaza mtoto. Mutheu alimruhusu. Baadaye alisema waziwazi kwamba hilo lilikuwa swali moja tu kati ya mawili aliyopaswa kuuliza.

Jikoni palikuwa pasafi, ila si pasafi vya kutosha. Sufuria kubwa, ile ya kupikia wageni, ilikuwa imeoshwa na kufunikwa juu ya sinki, na ndani yake duara la kijani lilikuwa limekataa kutoka, kupita nusu. Ubao wa kukatia mboga ulikuwa na michirizi ya kijani ndani ya alama za kisu. Paketi ya sukari ilikuwa imefunguliwa. Asali haikuwepo. Kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya ndimu na tangawizi, Mutheu alipata mabua na majani mapana yenye kingo za kupindapinda. Aliyanusa, akarudisha kichwa nyuma. Yalinuka kama panya aliyefia ukutani.

Kagwe alishika kiuno. "Madam, basi ni Beth. Nyumba ni ya mzee, sivyo? Ndugu zake wawili wako Juja na Nairobi, wanangoja tu igawanywe. Amechoka kungoja. Amepika hii kitu, ametia kwa chupa ya huyu mama, kwisha."

"Mtu anayepika sumu huosha ubao."

"Labda alisahau."

"Na angenipa ufunguo? Beth alipika akidhani anapika dawa, Kagwe. Kwa sababu gani alidhani hivyo, jibu liko kwa Mama Nadira."

"Tunarudi Thika tena?"

"Washa gari."

Ua wa Mama Nadira haukuwa mkubwa. Ulikuwa madebe ya rangi matupu, yamepangwa kufuata ukuta, kila debe na mmea wake, na kila debe limeandikwa kwa rangi nyeupe jina la ugonjwa wake: TUMBO, USINGIZI, KIFUA, MAGOTI, NGOZI. Aliyaandika hivyo wateja wake waliposhindwa kukumbuka majina ya mimea. Mutheu alisimama katikati, akazungusha macho, kisha akamwita Kagwe.

"Nina kikohozi. Nichumie dawa."

Kagwe, mtu wa kutii, alipita madebe mawili akafika kwenye lile la KIFUA. Palikuwa na mmea wenye maua meupe marefu kama tarumbeta. Akanyoosha mkono.

"Usiguse," Mama Nadira alisema.

Kagwe aliurudisha mkono mfukoni. Mutheu alichuchumaa mbele ya debe. Ncha za matawi manne au matano zilikuwa zimekatwa, na mikato ilikuwa imeanza tu kukauka rangi ya kahawia. Akalinganisha na mabua aliyoyatoa kwenye pipa la taka. Yalioana, jani kwa jani.

"Kivumbasi kiko wapi?"

Mama Nadira alionyesha debe lililoandikwa USINGIZI.

"Na mchaichai?"

Ulikuwa kwenye TUMBO, penyewe. Lakini wa usingizi ulikuwa kwenye MAGOTI, na wa magoti ndio huo ambao Kagwe nusura auchume.

Mama Nadira alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alieleza kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akiingia na kumchumia kivumbasi, na baada ya muda akasikia kuna dawa kama yake inauzwa sokoni Makongeni kwa jina lingine. Akaona maandishi yake ndiyo yanayowaongoza wezi. Basi akang'oa mimea mitatu na kuizungusha, kila mmoja kwenye debe la mwenzake, maandishi akayaacha. Yeye hasomi madebe. Anajua kila kitu kwa pua na kwa mahali kilipo.

"Ulitega mtego, mama."

"Sikutega. Nilificha."

"Ulitaka mwizi achume nini?"

"Achume asichokijua, apike, kisimsaidie, aache." Alitazama debe la KIFUA. "Wakati nazungusha sikufikiria kwamba wa magoti umeangukia kwenye kifua. Nilikuwa nafikiria mwizi. Sikufikiria mtu mgonjwa."

Hapo Mutheu alimweleza Kagwe, kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma risiti. Aliyechuma hapa alisoma debe na kuliamini. Mama Nadira haamini debe lake mwenyewe, kwa hiyo si yeye. Anayeujua mnanaha angeukimbia, maandishi yawe yoyote. Kwa hiyo ni mtu aliyeonyeshwa debe hili siku za nyuma, akaambiwa hili ndilo lake, na hakuwa na habari kwamba mimea imehama.

"Kinyanjui?" Kagwe hakutaka kumwachilia Kinyanjui. "Huyu anataka hii ploti awekee wapangaji parking. Alishasema mbele ya watu."

Kinyanjui alikuwa ameshashuka. Alikuja mpaka kwenye ukuta, akaulizia kama watu wa afya wamefika. Mutheu alimwuliza yeye kwanza kama anayajua madebe haya.

"Nitakosaje kuyajua na yako chini ya balkoni yangu? Huyu mama juzi juzi alishinda hapa anahamishahamisha mimea siku nzima, kama mtu amepoteza pete."

Kagwe alishusha pumzi. Aliyeona mimea ikihamishwa hawezi kudanganywa na debe.

"Na nani mwingine umemwona hapo, mwenyewe akiwa hayupo?" Mutheu aliuliza.

Kinyanjui alisema kuna mama mmoja wa kanisa, kitambaa cheupe chenye ukingo wa bluu, aliyekuja juzi wakati Mama Nadira ameenda sokoni. Aligonga, akangoja, akaingia, akakatakata kitu na kukitia mkobani, akatoka anatembea haraka.

"Hukuwaambia watu wa afya hilo."

"Hawakuniuliza."

"Waliuliza kama umeona jambo lolote."

"Madam, mama wa kanisa kuchuma majani ni jambo?"

Watu wa afya walifika wakati huohuo, na mapanga yao na galoni ya mafuta ya taa. Mutheu aliwapokea langoni. Aliwaambia kwamba ua huu sasa ni ushahidi, na atakayeng'oa hata jani la mchaichai atalieleza mbele ya hakimu. Mkubwa wao alijaribu kusema ameagizwa. Mutheu akamwomba aandike jina la aliyemwagiza, na namba yake ya kitambulisho, na sahihi yake. Yule mtu alitazama galoni, akatazama madebe, akasema watarudi siku nyingine. Kinyanjui alirudi juu kwake bila kuaga.

Beth alikuwa bado kwenye benchi lilelile. Mutheu alikaa kando yake, akaiweka mifuko miwili ya nailoni kati yao, mmoja wenye mabua ya pipa la taka, mwingine wenye ncha aliyoikata Ngoingwa. Mama Nadira alibaki amesimama dirishani na Kagwe.

Beth aliitazama mifuko, akakohoa.

"Alisema majani hayajakauka," alianza. "Mimi nimemsikiliza baba akikohoa usiku kucha, nikarudi huko, sikumkuta. Mwaka jana mwenyewe alinionyesha debe. Akaniambia hili ndilo la baba yako. Nikachuma."

"Hukusikia harufu?"

"Harufu na pua gani? Imeziba tangu juzi. Tunaugua nyumba nzima."

"Na chupa?"

"Baba hangekunywa ya kwangu. Ana imani na ile karatasi. Nilikuwa nimeihifadhi, nikaisuuza, nikatia." Aliangusha macho kwenye viganja vyake. "Nikafikiri ni ile asali ya chini ya chupa imeoza. Dawa yenyewe nilijua ni nzuri, si nilitoa kwa debe la kifua? Na ningesema niliiba? Mimi ndiye huwaombea wenzangu Jumapili."

"Asali haiozi, Beth," Mama Nadira alisema kutoka dirishani.

Mutheu hakuwapa nafasi ya kuendelea. "Sufuria yako ina alama kupita nusu. Chupa ya mzee ni ndogo. Nyingine iko wapi?"

Beth aliinua uso.

"Niambie, Beth."

"Kwa Ciku. Jana jioni nilimtilia kwa chupa ya soda. Mtoto wake anakohoa." Alipolisema ndipo alipolisikia. Alisimama, mkoba ukaanguka. "Lakini hiyo haikuwa na masalio. Hiyo si nzuri?"

"Hakuna nzuri. Nipe namba yake."

Simu ya Ciku iliita mpaka ikakata. Walikuwa wameshafika kwenye gari, Mama Nadira nyuma yao, ilipokata mara ya pili. Mutheu alimpigia Kivuva, soja wa mtaa, akamwambia aache kizuizi, aruke lango la Mzee Githae ikibidi, amnyang'anye Ciku chupa ya soda yenye maji ya kijani. Kivuva hakuuliza kwa nini. Simu ilibaki wazi, wakasikia viatu vyake vikigonga lami, kisha lango, kisha sauti yake ikiwa karibu sana na simu.

"Madam, huyu mama anaita kuku."

"Kuku gani?"

"Hakuna kuku. Anawarushia mahindi na hana mahindi."

"Mtoto?"

"Niko naye. Analia."

"Analia na machozi, au macho ni makavu?"

Walimsikia akimbembeleza mtoto. "Machozi yako. Mengi."

Mutheu alimwambia Kagwe anaweza kuendesha kama anavyoendesha akienda kuchukua mshahara. Walimkuta Ciku ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, uso mwekundu, akimkemea jogoo asiyeonekana. Kivuva alikuwa amempakata mtoto na ile chupa ameibana kwapani. Kijiko kilikuwa sakafuni. Mutheu alimgeuza mtoto aelekee jua, mboni zikajibana zote mbili, ndogo kama punje ya mtama. Akamchuchumalia Ciku.

"Umempa mtoto?"

Ciku alitazama juu ya bega la Mutheu. Ilichukua muda macho yake kumpata. "Chungu," alisema, kwa ulimi mzito. "Nilimwambia angoje mama aonje. Nikaonja. Koo pia inaniuma, nikaongeza. Toa huyo jogoo kwa kitanda."

Waliingia garini wote, Ciku kichwa chake mapajani mwa Mama Nadira, mtoto akiwa na Mutheu, na Kivuva mbele kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia abaki. Kagwe alitaka kusimama dukani wamnunulie mgonjwa maziwa, kama alivyoona kwao watu wakifanyiwa. Mama Nadira akamkataza. Asipewe kitu chochote, alisema, apelekwe tu. Kagwe alimtii haraka kuliko alivyowahi kumtii Inspekta.

Daktari aliwapokea mlangoni. Safari hii alijua ni mmea gani, na chupa ya soda ilimwonyesha kiasi kilichonywewa. Alisema Ciku atakuwa salama, na mzee naye, kwa kuwa sasa anajua anachopambana nacho, ana matumaini naye kuliko asubuhi.

Beth na Mama Nadira walikutana kwenye korido ileile. Kagwe alisogea awatenganishe, Mutheu akamshika mkono wa koti.

"Uliandika kifua," Beth alisema.

"Niliandika."

"Nilisoma nikaamini. Baba yangu angekufa kwa sababu nilijua kusoma?"

"Nilihamisha nikaacha maandishi," Mama Nadira alisema. "Hilo ni langu, sikukatalii. Na wewe uliingia kwangu sipo, halafu ukaniacha nibebe chupa yako mbele ya polisi. Hilo ni lako."

Beth alivua kitambaa cha kanisa, akakikunja, akakitia mkobani. Akamsogelea, akakaa. Mama Nadira naye akakaa, nafasi ya mtu mmoja katikati yao, wote wakitazama mlango wa wodi.

Mutheu aliandika taarifa yake siku hiyohiyo. Ilikuwa fupi. Alisema hakuna aliyekusudia kuua, kwamba mwenye jina kwenye chupa hakuitengeneza dawa ile wala kuiuza, na kwamba aliyeitengeneza aliamini anatibu. Wakubwa wake waliikubali.

Mzee Githae alipata fahamu na kurudi nyumbani. Kikohozi chake kiliisha chenyewe. Wanawe walimhamishia Juja kwa muda, akakataa chakula cha huko, akarudishwa. Beth hakushtakiwa. Alijieleza mbele ya akina mama wenzake kanisani, wakampumzisha uongozi, na mwaka uliofuata wakamchagua mwingine. Bado anamtunza baba yake.

Ciku alilala hospitalini siku moja. Alihamia Githurai, karibu na saluni. Mtoto yuko chekechea.

Kinyanjui hakupata ploti. Aliwawekea wapangaji wake magari kwenye kiwanja cha upande wa pili wa barabara, kwa kukodi. Mwizi wa kivumbasi aliyekuwa akiuza Makongeni hakujulikana. Watu wa afya walirudi Ngoingwa, wakakagua, wakampa Mama Nadira onyo la maandishi na orodha ya mambo ya kurekebisha, naye akayarekebisha. Aliung'oa mnanaha mwenyewe. Alipaka madebe yote rangi ya kijivu, hayana neno. Wateja walipungua, kisha wengine wakarudi. Anaishi palepale.

Kivuva ni soja wa mtaa uleule. Kagwe alistaafu, akaenda kwao Othaya kufuga ng'ombe wa maziwa. Inspekta Mutheu alihamishiwa Kitui mwezi wa Septemba.